Glavu za Kapteni Wentworth

Kapteni Frederick Wentworth anatoka chumbani kwa haraka, hata kumtazama Anne Elliot hamtazami. Kufumba na kufumbua nyayo zinarudi, mlango unafunguliwa: anaomba radhi, amesahau glavu zake. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye meza aliyokuwa akiandikia, anampa mgongo Bibi Musgrove, anachomoa barua iliyofichwa chini ya karatasi zilizotapakaa, anaiweka mbele ya Anne, anamkazia kwa muda macho ya kusihi, anazoa glavu na kutoka tena. Bibi Musgrove hajui kama kuna lolote limetokea. Juu ya barua jina halisomeki vizuri. Limeandikwa kwa herufi mbili za mwanzo tu.

Hiyo ni sura ya 23 ya Persuasion, riwaya ya Jane Austen iliyotoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya mwandishi mwenyewe kufariki. Kitabu kizima kina sura 24. Msomaji amesubiri karibu mpaka ukurasa wa mwisho mwanamume huyu afungue kinywa, na saa ilipofika hakukifungua, aliandika. Hata hivyo, miaka 200 na zaidi imepita na wapo wasomaji wanaoijua barua hiyo kwa moyo, neno kwa neno.

Ukiuliza kwa nini wanaume wakimya wa riwaya za kale wanapendwa hivi, jibu la haraka huwa ni fumbo: hatujui anawaza nini, basi tunataka kujua. Mimi jibu hilo silikubali. Fumbo peke yake huchosha upesi. Mtu asiyesema wala kutenda ni ukuta, na ukuta hauna mpenzi. Kinachotushika ni kwamba mwandishi hodari anamkabidhi msomaji daftari. Kila mhusika anapofanya jambo bila kulisema, sisi tunaliandika. Kila anaponyamaza mahali ambapo kusema kungemfaidi, tunaliandika pia. Mpaka atakapotamka mapenzi, tayari tuna hesabu ndefu mkononi, na maneno yake ni muhuri tu unaogongwa chini ya karatasi iliyokwisha kujaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini mshindo huo hauji wenyewe. Mtu ameutega, na inafaa kutazama anautegaje.

Tuanze na kosa, maana tuna bahati ya kuwa nalo kwa mwandiko wa Austen mwenyewe. Alipoandika mwisho wa Persuasion mara ya kwanza, Julai 1816, hapakuwa na barua wala glavu. Katika rasimu hiyo Admirali Croft, shemeji yake Wentworth, amesikia uvumi kwamba Anne ataolewa na binamu yake, Bwana Elliot. Croft ndiye amepanga nyumba ya ukoo wa Anne, na anataka kujua kama maharusi wataihitaji. Basi anamtuma Wentworth akamuulize. Wentworth, kwa aibu na uchungu, anaufikisha ujumbe, Anne anakana, wanatazamana, mambo yanaisha. Austen hakuridhika. Aliifuta sura hiyo, akaandika upya, akamaliza mwanzoni mwa Agosti. Kurasa zilizokataliwa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, na ndizo pekee zilizobaki kwa mwandiko wake kutoka riwaya yoyote aliyoikamilisha kwa ajili ya kuchapishwa.

Ukiweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu unaona alichokiona. Katika la kwanza Wentworth ni mjumbe. Anasema kwa sababu ametumwa, kuhusu mkataba wa nyumba, na anapata uhakika kwamba Anne yuko huru kabla hajahatarisha chochote. Ukimya wa miaka minane na nusu, tangu uchumba wake na Anne uvunjike, unavunjwa na shughuli ya mtu mwingine. Katika toleo jipya amekaa mezani anaandika barua kwa niaba ya rafiki yake Harville, huku Anne na Harville wakibishana karibu na dirisha: nani hudumu kupenda zaidi, mwanamume au mwanamke? Ghafla inasikika kalamu ikianguka upande wa Wentworth. Anne anashtuka, hakujua kama alikuwa karibu kiasi hicho. Pale pale, akiwa bado anaisikia sauti yake, bila kujua kama ataolewa na Elliot au la, Wentworth anachukua karatasi nyingine na kuweka kila kitu rehani. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwanamume mkimya lazima aseme kabla hajajua jibu. Akisema baada ya kuhakikishiwa, hatukumsubiri mpenzi, tulimsubiri karani.

Barua yenyewe ina uzito ambao msomaji wa leo anaweza kuupita bila kuuona. Katika tabaka la Waingereza ambalo Austen aliliandika, mwanamume na mwanamke wasiochumbiana hawakuandikiana. Ndiyo maana katika Sense and Sensibility, Elinor anapogundua kwamba mdogo wake Marianne anamwandikia Willoughby, anahitimisha mara moja kwamba wamekwisha kuahidiana ndoa. Barua ilikuwa ushahidi. Haikupaswa kupita posta wala mikononi mwa watumishi, kwa hiyo wahusika hawa hukabidhi mkono kwa mkono. Wentworth anatumia glavu kama kisingizio. Bwana Darcy, katika Pride and Prejudice ya 1813, anazunguka asubuhi miongoni mwa miti ya Rosings, makazi ya shangazi yake, akitumaini kumkuta Elizabeth Bennet, anampa bahasha, anamwomba amfanyie hisani ya kuisoma, anainama kidogo na kuondoka.

Na lilikuwepo jambo lililokuwa zito kuliko barua. Neno la mwanamume lilimfunga. Akishamchumbia mwanamke hakuweza kujitoa kwa heshima; kujitoa ilikuwa ni haki ya mwanamke. Hata mazoea ya kupita kiasi yalitosha kumtia mtu kitanzini: Wentworth huyo huyo anashtuka kugundua kwamba jamaa wote wanamhesabu kuwa mtu wa Louisa Musgrove, ilhali yeye hakutamka kitu, ila alizoea kuwa karibu naye. Ukilijua hilo, ukimya wa mashujaa hawa hauwi tena maringo. Walikuwa wakiishi mahali ambapo neno moja lilikuwa sawa na saini.

Sasa turudi kwenye daftari, tuone linajazwaje. Cha kwanza, mashujaa wakubwa wa aina hii hawaanzi na ukurasa mtupu. Wanaanza na deni. Darcy, kwenye dansi ya Meryton, sura ya 3, anasema Elizabeth anatazamika lakini si mzuri wa kumshawishi yeye, na Elizabeth anasikia. Wentworth, baada ya kumwona Anne kwa mara ya kwanza tangu uchumba uvunjike, anawaambia wengine kwamba amebadilika hata asingemtambua. Mary, mdogo wake Anne, analichukua neno hilo na kumfikishia dada yake lilivyo. Angalia: kila mmoja amesema jambo baya, tena limesikika kwa masikio yasiyokusudiwa. Mwandishi ameshaweka kanuni ya mchezo, kwamba mwanamume huyu tutamjua kwa njia za pembeni. Deni litalipwa kwa njia hizo hizo.

Na malipo huanza kwa mikono, kinywa kikifuata mbali sana nyuma. Sura ya 9 ya Persuasion ina kipande kidogo ambacho kila anayetaka kuandika mhusika wa namna hii angekisoma mara kumi. Anne amepiga magoti akimhudumia mtoto mgonjwa. Mtoto mwingine, Walter, wa miaka miwili, anamrukia mgongoni, anamkaba shingo, hataki kushuka. Wentworth yumo chumbani, na kati yao kuna ubaridi usiovumilika. Kisha Anne anahisi uzito ukiondoka. Vijikono vinaachanishwa shingoni mwake, mtoto anabebwa, na ndipo anapotambua ni nani aliyemwondoa. Austen ameipanga sentensi hiyo ili tendo lije kwanza na mtendaji aje mwisho, kama Anne mwenyewe alivyolipokea, kwa mgongo. Halafu Wentworth anaanza kucheza na mtoto kwa kelele, waziwazi ili asishukuriwe. Sura inayofuata anaona Anne amechoka kwa kutembea. Anazungumza na dada yake aliye kwenye gari la farasi, kisha, bila neno, anamsaidia Anne kupanda. Matendo mawili, hakuna kauli hata moja. Lakini Anne anaelewa, nasi tunaelewa pamoja naye, kwamba mtu ambaye hajasamehe bado hawezi kuvumilia kumwona akiumia.

Kila tendo kati ya hayo lina sifa tatu, na ikikosekana moja kitu kizima kinapooza. Ni dogo au la siri kiasi kwamba mtendaji hatarajii malipo. Linaonyesha kwamba amekuwa akitazama, kwa sababu huwezi kumwondolea mtu uchovu ambao hukuuona. Na linagunduliwa; halitangazwi.

Hiyo ya tatu ndiyo Austen aliyoifikisha kileleni kwa Darcy. Lydia, mdogo wake Elizabeth, ametoroka na Wickham bila ndoa, na familia nzima imekaribia kuaibika. Darcy anamtafuta Wickham London, analipa madeni yake yanayozidi sana pauni 1,000, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine juu ya kidogo alicho nacho, na anamnunulia Wickham cheo jeshini. Yeye ni mtu wa kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo fedha hazimfilisi. Kinachomgharimu ni kukaa meza moja na mtu aliyejaribu kumtorosha dada yake mwenyewe akiwa na miaka 15, na kumbembeleza. Na sharti lake kwa akina Gardiner ni moja: jambo libaki siri, sifa zote zimwendee Bwana Gardiner, mjomba wa msichana. Siri inafichuka kwa sababu Lydia hana kifua, anaropoka kwamba Darcy alikuwepo kwenye harusi yake. Elizabeth hawezi kutulia, anamwandikia mkaza mjomba wake, na jibu linakuja kwenye sura ya 52 na hesabu zote ndani.

Hebu fikiri kama Darcy angesema mwenyewe. Pesa zile zile, usumbufu ule ule, lakini sasa zingekuwa ankara. Elizabeth angelazimika kushukuru, na mwanamke anayelazimika kushukuru hawezi tena kupenda kwa uhuru. Nadhani hapa ndipo wanaoiga hukosea mara nyingi zaidi kuliko popote: wanampa shujaa tendo kubwa, kisha wanamruhusu alitaje kwenye ugomvi.

Nani anayefichua lazima achaguliwe kwa uangalifu. Asiwe na faida. Msimamizi wa Pemberley, nyumba ya Darcy, Bibi Reynolds, anawaeleza wageni kwamba amemjua bwana wake tangu akiwa na miaka minne na hajawahi kusikia neno kali kutoka kwake. Hajui kwamba mmoja wa wageni hao alimkataa bwana huyo miezi michache tu iliyopita. Katika Emma, riwaya nyingine ya Austen, Bwana Knightley anatuma gari lake likamchukue Bibi Bates na mpwa wake usiku wa baridi, na Emma anaambiwa na Bibi Weston, ambaye analitafsiri vibaya kabisa. Knightley anawapelekea pia tufaha zake za mwisho za msimu. Tunalijua hilo kwa kuwa Bibi Bates, msemaji asiyechoka, anasimulia jinsi mtunza nyumba wa Knightley alivyonung'unika kwamba nyumbani kwa bwana hakukubaki hata za kuokea. Napenda sana tufaha hizo. Hazisogezi kisa popote. Zimewekwa pale ili tujue mtu huyu anakula nini wakati hakuna anayemwangalia, au tuseme anakosa kula nini.

Upande wa pili wa mizani lazima awepo msemaji. Sijui riwaya nzuri ya aina hii iliyomwacha shujaa mkimya peke yake jukwaani. Ukimya hauonekani bila kelele jirani. Darcy ana Wickham, Kanali Brandon wa Sense and Sensibility ana Willoughby, Knightley ana Frank Churchill, Gabriel Oak wa Thomas Hardy ana Sajenti Troy na upanga wake unaometameta. Debe tupu haliachi kuvuma, ila waandishi hawa ni werevu kuliko methali: wanahakikisha debe linavuma vizuri, kwa sauti tamu, hata sisi tunalisikiliza. Wickham anammiminia Elizabeth historia yake yote ya kudhulumiwa karibu mara tu wanapofahamiana. Anatangaza kwamba kwa heshima ya marehemu baba yake Darcy hatamwaibisha mwanawe kamwe, na anamwaibisha papo hapo. Elizabeth haoni mgongano huo. Sisi pia wengi hatuuoni tunaposoma mara ya kwanza. Baadaye, akiwa na barua ya Darcy mkononi, anajiuliza ilikuwaje mgeni amweleze mambo kama yale, na aibu inayomshika ni yetu pia. Mvuto mkubwa wa mwanamume mkimya umefichwa humo: anatuthibitishia kwamba tulisoma vibaya, na anatupa nafasi ya kusoma tena.

Barua hiyo ya Darcy imeandikwa saa mbili asubuhi. Ni kurasa mbili kubwa zilizojazwa kwa mwandiko wa kubana, na bahasha yenyewe nayo imejaa maandishi. Jana yake usiku alizungumza, akaharibu: aliposa huku akieleza jinsi ukoo wa Elizabeth ulivyo chini yake, na uso wake ulionyesha hana shaka atakubaliwa. Leo anaanza kwa kumtoa hofu kwamba hatarudia posa. Haombi chochote. Anaeleza, anatoa siri ya dada yake ambayo ikivuja itamharibia maisha msichana huyo, anamtakia Elizabeth baraka za Mungu na kumaliza. Kumkabidhi siri hiyo mwanamke aliyetoka kumkataa kwa maneno makali ni imani kubwa kuliko posa yenyewe. Hapo Darcy kwa mara ya kwanza anastahili ukimya wake.

Ninasema anastahili kwa sababu Austen hakuwahi kuutetea ukimya kama tabia njema kwa asili yake. Kuna mazungumzo mbele ya piano huko Rosings. Darcy anajitetea kwamba hana kipaji cha kuongea kwa urahisi na watu asiowajua. Elizabeth, vidole vikiwa juu ya piano, anamjibu kwamba vidole vyake pia havipigi kwa ustadi wa wanawake wengine, lakini siku zote amejua kosa ni lake kwa kutofanya mazoezi. Ni jibu zuri mno. Wanaosema Darcy ni mwenye haya tu, masikini, asieleweke vibaya, wanasahau kwamba kitabu chenyewe kimekwisha kuukataa utetezi huo. Kuona haya si cheti cha kuruhusiwa kuwaumiza watu. Darcy anabadilika, anapokutana na Elizabeth bila kutarajia kwenye ardhi yake ya Pemberley, anauliza habari za wazazi wake, anaomba atambulishwe kwa akina Gardiner, wafanyabiashara ambao zamani angewapita kama miti. Amefanya mazoezi.

Tukitoka kwa matajiri wa Austen, ukimya unabadilika sura. Gabriel Oak wa Far from the Madding Crowd (1874) ni mchungaji wa kondoo, na mwanzoni si mkimya hata kidogo. Anaposa sura ya 4, kwa maneno mepesi ya mtu wa shamba, anakataliwa. Halafu anapoteza kondoo wake 200 usiku mmoja, mbwa mchanga amewakimbiza hadi kwenye korongo la chokaa, na anaishia kuajiriwa kwenye shamba la Bathsheba, mwanamke yule yule. Ukimya wake ni wa mtumishi. Kusema tena kungekuwa kumtia tajiri wake aibuni, na huenda kumpoteza hata kama mwajiri.

Hardy naye anajaza daftari kwa tarakimu halisi, jambo ambalo naliheshimu sana. Kondoo 57 wanaingia kwenye klova changa na kuvimba tumbo kwa gesi. Dawa ni kutoboa ubavu mahali sahihi kwa bomba dogo lenye sindano ndani, na eneo zima hakuna ajuaye ila Oak, ambaye Bathsheba ametoka kumfukuza kazi. Oak anakataa kuja mpaka aombwe kwa adabu. Akija anatoboa 49 na kuwaponya, mmoja anamkosea, wanne wamekufa, watatu wanapona wenyewe. Baadaye, usiku wa radi, Troy akiwa amelewa ghalani pamoja na vibarua wote, Oak anasimama kwenye uwanja wa nafaka na kupiga hesabu kichwani: marundo matano ya ngano, matatu ya shayiri, jumla pauni 750. Ni mali ya mwanamke aliyeolewa na mwingine. Anapanda kuyafunika, umeme ukipasuka juu yake. Mwandishi mvivu angeandika kwamba Oak alimpenda sana. Hardy ameandika hesabu.

Elizabeth Gaskell, katika North and South iliyochapishwa kwa vipande ndani ya jarida la Household Words kati ya 1854 na 1855, alichukua njia ngumu zaidi. Anatuingiza ndani ya kichwa cha John Thornton, mwenye kiwanda cha pamba, mapema sana. Margaret Hale anagawa chai. Bangili yake inateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, anaipandisha hadi inakaba nyama laini ya mkono, inalegea, inashuka tena. Thornton anaifuatilia kama mtu aliyerogwa. Sisi tunajua, Margaret hajui. Kumjua mwanamume kabla ya mwanamke kumjua kunaondoa fumbo lote, na bado kitabu kinakamata roho, jambo ambalo kwangu linamaliza ubishi kuhusu fumbo. Tendo kubwa la Thornton linakuja akiwa amekwisha kukataliwa. Amemwona Margaret usiku stesheni na kijana asiyemfahamu, na anajua kwamba amewadanganya polisi. Kijana ni kaka yake mtoro, lakini Thornton hajui. Kwa mamlaka yake ya uhakimu anauzuia uchunguzi usiendelee, akiamini kabisa kwamba anamlinda kwa ajili ya mwanamume mwingine. Gharama haiwezi kupanda zaidi ya hapo.

Wapi mambo huharibika hata mikononi mwa mabingwa? Kanali Brandon. Ana kila kitu: subira, huruma, historia ya majonzi, anapigana hadi duweli kwa ajili ya msichana anayemlea. Lakini wasomaji wengi humaliza Sense and Sensibility wakihisi angemwoa Elinor, na wana haki. Historia yake anamsimulia Elinor. Wema wake anauona Elinor. Marianne, atakayeolewa naye, hana daftari. Mabadiliko ya moyo wake tunaelezwa kwa muhtasari kwenye sura ya mwisho. Ushahidi umekusanywa vizuri ukapelekwa mahakama isiyohusika.

Kosa la wasomaji, tofauti na la waandishi, ni kumweka Rochester wa Jane Eyre kwenye kundi hili. Rochester anaongea kurasa kwa kurasa. Anachofanya ni kuficha, na kuficha ni jambo jingine kabisa. Darcy, Knightley na Thornton wanazuia hisia zilizo zao. Rochester anazuia habari iliyo haki ya Jane, kwamba ana mke hai ghorofani, na anaizuia mpaka mbele ya kasisi. Anaweza kupendwa kwa sababu zake, na anapendwa, lakini tusimwite mkimya. Mkimya hakuibii uamuzi wako.

Kamera nayo ina taabu na watu hawa, kwani haiwezi kupiga picha ya kujizuia bila kuongeza kitu. Tamthilia ya BBC ya 1995 ilimtumbukiza Darcy kwenye bwawa akiwa na shati, na ndiyo picha wengi walio nayo ya Pemberley. Kitabuni hakuna maji. Anatokea tu akija kutoka upande wa mazizi ya farasi, wanatazamana, na wote wawili wanaona haya hadi mashavuni. Mimi nabaki na mashavu.

Hatimaye lazima waseme, na hapo sentensi zao zinafanana kwa namna inayofaa kuchunguzwa. Darcy, posa ya pili: hisia zake hazijabadilika, lakini neno moja kutoka kwa Elizabeth litamnyamazisha milele. Knightley: kama mapenzi yake kwa Emma yangekuwa pungufu ya hivi, pengine angeweza kulizungumzia zaidi. Wentworth: neno, au hata mtazamo, utatosha kuamua kama ataingia nyumbani kwa baba yake Anne jioni ile au kamwe asiingie. Ni fupi, hazina sifa za uzuri wa mwanamke, na ndani ya kila moja kuna mlango ulioachwa wazi ili akatae. Linganisha na kasisi Collins, ambaye Elizabeth anamwambia hapana mara kadhaa naye anazidi kumweleza kwamba hiyo maana yake ni ndiyo. Mara Darcy na Knightley wanapokubaliwa, Austen anawafungia mlango: hatuambiwi Darcy alisema nini baada ya hapo, wala Emma alijibu nini.

Wentworth hakufungiwa mlango hivyo. Jioni ile ile, kwenye karamu nyumbani kwa akina Elliot, yeye na Anne wanasimama kama watu wanaotazama mimea iliyopangwa vizuri, na anamuuliza jambo lililokuwa likimtafuna. Mwaka 1808, miaka miwili tu baada ya kuachana, alirudi Uingereza akiwa na pauni elfu chache na cheo kipya; laiti angeandika barua wakati ule, Anne angeijibu? Anne anatoa jibu fupi la mshangao: asingejibu vipi! Wentworth anapiga hesabu yake mwenyewe hapo hapo, mbele ya maua. Alijivuna, akafumba macho, hakutaka kuuliza. Miaka sita ya kutengana ingeepukika.